Kitambaa Ambacho Mama Rula Hataki Kukifua

Saa tatu asubuhi, na joto limeshaingia ukumbini bila kubisha hodi. Shule imefungwa kwa likizo ndefu. Madawati yamesukumwa ukutani, meza zimeunganishwa katikati, na juu yake pamejaa vitambaa vya kila rangi, mikasi, marobota ya pamba na vikombe vya chai visivyojulikana ni vya nani. Wanawake wanashona huku wakiongea wote kwa pamoja. Ajabu ni kwamba wanasikilizana.

Mmoja tu yuko kimya. Amepiga magoti sakafuni mbele ya mfarishi, lile blanketi la viraka lenye pamba ndani, na mkononi ameshika rula ya mbao ambayo nusu ya namba zake zimefutika. Anapima pindo. Anatia alama ya chaki. Kisha anapima tena palepale alipokwisha kupima. Wenzake wanamwita Mama Rula, na ukimtazama kidogo tu huna haja ya kuuliza kwa nini.

Mfarishi wenyewe unapendeza macho. Kuna viraka vya bluu, vya kijani, na vya maua madogomadogo vilivyotoka kwenye gauni la kutokea. Ila katikati kabisa pameachwa tundu la mraba, ukubwa wa sahani, na ndani yake pamba nyeupe inachungulia.

"Dada, hapa katikati umepasahau?" anauliza mmoja wa wenyeji, mama mnene aliyening'iniza futi kamba shingoni.

"Sijapasahau, mdogo wangu. Kipande chake kipo."

"Kiko wapi tukushikie?"

Mama Rula anaonyesha kwa kidevu. Juu ya kabati la vitabu, mbali na dirisha na mbali na mikono ya watu, pamewekwa mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo juu ya mafundo.

"Kile pale," anasema. "Lakini nakuomba sana, usikifungue."

Kila mwaka, msimu wa joto ukifika na shule zikifungwa, kikundi chao hukodi basi dogo na kwenda mji hadi mji. Wanapofika hupokelewa na kikundi cha washonaji wa hapo, wanalala kwenye madarasa, na mchana kutwa wanashona pamoja. Wakiondoka wanawaachia wenyeji kiraka kimoja, nao wanapewa kimoja cha kuondoka nacho. Kuna mifarishi ambayo imezunguka kuliko wenye nayo.

Mama Rula hajakosa safari hata moja. Kazi yake ya kila siku ni kubadilisha zipu, kupunguza suruali na kurefusha sketi za watoto waliokua ghafla, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Siku ikiwa njema anapata cha kula na cha kuweka. Siku ikiwa mbaya anarudi nyumbani na vumbi la uzi kwenye nywele, basi. Hata hivyo, mwaka mzima huweka kidogokidogo kwenye kopo kwa ajili ya safari.

"Watu wengine wana pombe," anasema. "Mimi nina hii."

Kinachomfanya ajulikane zaidi ni mifarishi ya marehemu. Mtu akifiwa humletea nguo za mpendwa wake, naye anazikata na kuziunga upya ziwe kitu cha kujifunika. Amewashonea wajane, yatima, hata mzee mmoja aliyeleta tai tupu za kaka yake. Na katika kazi hiyo ana sheria moja ambayo wanafunzi wake wote wanaiimba: nguo haipiti mkasi kabla haijapita maji. Kitambaa kisichofuliwa kwanza, anaeleza, hurudi baadaye. Kinanywea, kinavuta wenzake, kikiwa cha rangi kali kinachuja, na kazi ya mwezi mzima inageuka matambara ya kudekia.

Sheria nzuri. Ndiyo iliyomtia kidonda.

Miaka yote hiyo Mama Rula hakuwa akisafiri peke yake. Alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, waliyemwita Chapuchapu. Na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa akishona kama anakimbizwa. Mstari wake ulianza huku, ukapinda kule, ukarudi kuomba radhi. Kikundi kizima kilimpenda kwa sababu alipokuwepo hakuna aliyesinzia.

"Pole pole ndio mwendo," Mama Rula alikuwa akimwambia.

"Sawa, dada," Chapuchapu alikuwa akijibu, "lakini mwendo wako wewe konokono anaomba kupishwa!"

Walilala godoro moja safarini, wakabeba begi moja la vifaa, wakagombana kuhusu mkasi mmoja. Chapuchapu akienda kuoga, dada yake alikuwa akichukua kazi yake haraka, anafumua ile mistari iliyopinda na kuishona upya, imenyooka kama barabara mpya. Alidhani hajulikani. Kumbe mwenzake alikuwa akijua siku zote.

"Aliwaambia watu, 'Dada yangu siku akifa atamwambia mchimba kaburi arudie kupima,'" anasimulia Mama Rula, na kicheko kinamtoka kabla hajakizuia. Kisha kinakatika. "Naye ndiye aliyetangulia."

Ilianza kama maumivu ya tumbo, baada tu ya safari ya mwaka jana. Chapuchapu aliyafanyia mzaha kama alivyofanyia mzaha kila kitu. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akaingia wodini akiwatania wauguzi. Hakurudi nyumbani akitembea. Msimu wa joto ulikuwa haujaisha.

Aliacha binti mmoja, msusi wa saluni, msichana mpole ambaye kwa Mama Rula si mtoto wa mdogo wake tu. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule, na ndiye pekee duniani anayemwita mama mkubwa.

Matanga yalipokwisha, binti alimletea mama yake mkubwa furushi la nguo.

"Alisema, 'Mama mkubwa, nishonee mfarishi wa mama. Nataka nijifunike nao,'" anakumbuka Mama Rula. "Nikamwambia, mwanangu, huo ndio nitakaoushona vizuri kuliko yote."

Na kesho yake asubuhi mikono ilifanya ilichozoea kufanya. Mazoea yana taabu. Aliziloweka nguo, akazisugua, akazisuuza, akatia ile dawa ya kulainisha yenye harufu ya maua, ambayo huwa haitumii kwa nguo za wateja kwa sababu ni ghali. Akazianika uani, gauni kando ya gauni.

"Hapo ndipo panaponiuma," anasema, na sauti inashuka mpaka mtu lazima asogee. "Sikuzifua ovyo. Nilizifua kwa mapenzi."

Binti alifika mchana kuangalia kazi imefikia wapi. Aliziona nguo kwenye kamba. Akaenda moja kwa moja kwenye gauni la maua, akalivuta usoni, akazika pua ndani yake. Akaliachia. Akashika blauzi. Akaiachia.

"Mama mkubwa, umezifua?"

"Nimezifua, mwanangu. Ziko safi kabisa."

"Zote?"

"Zote."

Ndipo Mama Rula alipoelewa. Msichana alikuwa amezitunza nguo zile bila kuzifua, zimefungwa kwenye furushi, tangu siku mama yake alipozivua. Alikuwa akifungua kidogo, ananusa, anafunga. Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini kama mtu aliyepewa habari za msiba mara ya pili, kisha akasema neno moja tu: zinanuka sabuni. Akachukua mkoba wake akaondoka.

"Hakuniambia nisifue," anasema Mama Rula. "Lakini angeniambiaje? Nani anamwambia mtu asifue nguo? Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Yale maji niliyamwaga kwa mkono wangu. Tangu utotoni nasikia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa naitikia tu. Siku ile niliyaona yakienda mtaroni na mapovu, na mdogo wangu humohumo."

Kuanzia hapo binti hakukanyaga tena nyumbani kwake. Simu alipokea. "Shikamoo mama mkubwa, mzima? Mimi mzima." Basi, inakatwa. Kwa watu wa nyumba moja, salamu fupi namna hiyo ni adhabu ndefu.

Mama Rula alizikata zile nguo safi, akazipanga kwenye boksi, akashindwa kuziunga. Zipu za watu alibadilisha. Boksi hakuligusa. Msimu wa joto wa mwaka huu ulipofika, alimwambia mwenyekiti wa kikundi kwamba safari hii aachwe.

Mwenyekiti ni mwanamke asiyejua neno hapana. Alifika asubuhi, basi likiwa linanguruma barabarani, akaingia hadi chumbani. "Utajifungia humu mpaka lini? Hata mvungu wa kitanda umekuchoka," alisema, na kutoka mvungu huohuo akavuta lile begi la vifaa, vumbi lake lote, akatoka nalo. Boksi la viraka akalibeba kwapani. Mama Rula, asiye na begi wala sababu, akamfuata.

Begi lile halikuwa limefunguliwa tangu mwaka uliopita. Lilifunguliwa mji wa pili, ndani ya darasa, alipokuwa akitafuta bunda la sindano. Mkono wake ukagusa kitu laini chini kabisa. Kilikuwa kitambaa cha kichwa, chekundu, cha Chapuchapu. Alikuwa amekivua siku ya kurudi kwa sababu ya joto, akakivuringa na kukitupa begini, chapuchapu kama kawaida yake, na ndani yake akasahau subana yake, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvaa kidoleni.

"Nilikipeleka puani bila kufikiri," anasema. "Alikuwepo. Mafuta yake ya nywele, jasho, na moshi kidogo wa jiko. Nakwambia ukweli, niligeuka nyuma nimtazame."

Hakukinusa mara ya pili. Alikitia kwenye mfuko, akakaza mafundo haraka kama anayefunga mlango wa banda kuku asitoke. Kila ukifungua kinapungua, alijisemea. Na si changu.

Habari zilienea kabla chai haijapoa. Sasa kila mtu akawa na ushauri, maana kitambaa chekundu si jambo dogo kwa washonaji. Kikiingia kwenye mfarishi bila kufuliwa, siku ya kwanza ya kufua kitachuja na kuharibu kazi yote. Kikifuliwa, mwenyewe anakwenda na maji.

"Kiloweke kwenye chumvi, rangi itashika," mmoja alisema.

"Na harufu itashika nini? Chumvi?" mwingine akamjibu.

"Mpe mtoto kitambaa chake hivyohivyo, yaishe."

"Nilimwahidi mfarishi," alisema Mama Rula. "Siwezi kwenda na kitambaa mkononi kama mtu anayerudisha bakuli la jirani."

Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akaona ni wakati wa kutuliza mambo. "Jamani, tusijitese. Wahenga walisema ya kale hayanuki."

Lo! Sindano zote zikasimama. Mwenyekiti mwenyewe akaweka kiganja mdomoni. Aliyeanza kucheka alikuwa Mama Rula, kicheko cha kwanza tangu msiba, kikamtoka pamoja na machozi, na wenzake wakakipokea.

"Mwenyekiti," alisema akijifuta kwa upindo wa gauni, "haya yananuka. Na ndiyo raha yake."

Siku hiyo alifungua boksi. Viraka viliungwa mji baada ya mji, na kila mahali wenyeji walishona pindo kidogo. Katikati alipaacha wazi. Alikuwa ameshaamua: kitambaa chekundu hakitafuliwa wala hakitashonwa. Kitapigwa bandi, zile hatua ndefu za uzi ambazo fundi huzitumia kushikilia nguo kwa muda na kuzing'oa kazi ikiisha. Siku mfarishi ukihitaji kufuliwa, uzi unavutwa, kitambaa kinakaa pembeni, kisha kinarudi.

Kwa fundi wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa Mama Rula, kumkabidhi mtu kazi ikiwa na bandi ni sawa na kutoka nje na nguo ya ndani juu ya sketi. "Wenzangu walidhani natania," anasema. "Miaka yote nimewafokea kwa bandi iliyosahauliwa."

Waliporudi mjini kwao, alimpigia binti simu hata kabla ya kuvua viatu. Alimwambia tu kwamba kuna kitu cha mama yake, na kwamba hakijaguswa na maji. Binti alikata simu akaondoka kazini. Alikuja na aproni ya saluni kiunoni.

Mama Rula alimpa ule mfuko bado umefungwa. Alimtazama akihangaika na mafundo, kucha zikiteleza, machozi yakidondokea plastiki. Fundo la mwisho likaachia. Msichana akakitoa kitambaa, akakikandamiza usoni kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

Akavuta tena.

"Mama mkubwa," alisema, "sisikii kitu."

"Nilikitazama kile kitambaa," anasimulia Mama Rula. "Nikajua nimechelewa. Joto, mabasi, madarasa, kimeshakwenda. Halafu nikamtazama vizuri. Amelia mpaka pua imeziba! Hata ungempa kitunguu kilichokatwa asingekisikia."

Alikipokonya kitambaa, akakirudisha mfukoni, akakaza.

"Funga, mwanangu, funga. Leo hatunusi. Kesho ukiamka, kabla hujaanza kulia, ndipo ufungue."

"Na kama hakipo?"

Mama Rula alikwenda kabatini kutoa shuka. Alimtandikia kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza binti kulala pale tangu siku ya kamba ya nguo.

Asubuhi, Mama Rula alikuwa jikoni akichemsha maji ya chai aliposikia plastiki ikichakarika chumbani. Alizima jiko ili asikie. Plastiki ikanyamaza. Akabaki amesimama na kifuniko cha sufuria mkononi, hana la kukifanyia.

Binti alitoka na kitambaa, macho makavu.

"Nimemsikia," alisema. "Kidogo. Yale mafuta niliyokuwa namchanganyia."

Kisha akakinyoosha kile kitambaa kwa mama yake mkubwa. Mama Rula akatikisa kichwa. Fungu lake alishalipata darasani, alisema, hili lililobaki ni la mwenyewe.

Wiki moja baadaye, kwenye chumba chake chenye cherehani na ndoo ya vipande, anaulizwa kama anaamini kweli binti alisikia kitu. Anachukua rula, anaizungusha vidoleni, anaiweka chini.

"Sijui," anasema. "Huenda alimsikia. Huenda alinihurumia. Sikumwuliza, na sitamwuliza. Kama alinihurumia, hiyo nayo ni tabia ya mama yake."

Kuna dawa moja ya msiba aliyokuwa akiwauzia watu miaka yote, anasema, na sasa ameinywa mwenyewe na kugundua kwamba haiponyi. Mfarishi haumrudishi mtu. Unaipa mikono kazi ya kufanya tu wakati moyo unazunguka nyumba ukimtafuta. Asubuhi nyingine bado anamimina chai vikombe viwili, cha pili akakimwaga.

Mwakani, msimu wa joto ukifika, binti ameshaomba ruhusa saluni. Atasafiri na kikundi, atakaa kwenye nafasi ya mama yake, na subana ile imekwishapimwa kidoleni mwake, inapwaya kidogo. Mama Rula ameanza kuweka akiba ya watu wawili kwenye kopo, kama zamani. Ana mpango pia wa kubadili ile sheria yake maarufu. Kuanzia sasa, mtu akimletea nguo za marehemu, atamwuliza kwanza kama amezinusa vya kutosha.

Kabla ya kuagana anaukunjua mfarishi ili uonekane wote. Mishono yake imenyooka, kiraka kwa kiraka, uweke rula popote. Halafu katikati, kile chekundu. Bandi iliyokishika imeanza vizuri, ikapinda kushoto, ikaruka mahali, ikarudi. Aliipiga binti, asubuhi ileile, mara tu baada ya kukitoa mfukoni, akisema, "Mama mkubwa, nipe sindano mimi."

"Unajua," anasema Mama Rula, akipitisha kidole taratibu juu ya uzi ule bila kuugusa, "kabla ya msiba nilifumua kila mshono wa mdogo wangu. Kila mmoja, ili upendeze. Nimetafuta nyumba nzima, nimefungua mifarishi ya zamani, sijapata hata mmoja alioushona yeye."

Anaukunja mfarishi, katikati kukiwa ndani.

"Huu umepinda kama wake. Mtoto alipotoka kwenda kuoga, nilikuwa nao mikononi, na mkasi ulikuwa palepale mezani. Nikauacha."